Dakika 20 za Tokyo na bastola ya akiba iliyoachwa kwenye sanduku

Nimeurudia tena ule mchujo wa bastola ya hewa ya mita 10 kwa wanawake, uwanja wa Asaka, Olimpiki ya Tokyo, Julai 25, 2021. Mlioutazama mnakumbuka. Manu Bhaker, binti wa miaka 19 kutoka Haryana, India, anafungua kwa 98, mkono umetulia, uso hauna wasiwasi, kila mtu anamhesabu kwenye fainali. Mara anatoka kwenye mstari na bastola yake, na hatumwoni tena kwa takriban dakika 20. Alimaliza na 575, nafasi ya 12. Wa nane, yule wa mwisho kuingia fainali, alikuwa na 577.

Pointi mbili. Mpaka leo watu wanasema bastola ndiyo iliyomwangusha. Bastola huharibika, hilo halina mjadala wala halikuanza Tokyo. Aliangushwa na uamuzi wa kukaa kuitengeneza wakati bastola ya akiba ipo.

Twende taratibu hapa. Alikuwa amepiga risasi 16. Mkono wa kukokia, ule anaoufungua mlenga shabaha kila mara ili aingize risasi nyingine, ukavunjika. Kwa maelezo yaliyotoka upande wa timu, walitoka pamoja na maofisa, wakabadilisha mkono ule, wakaifunga bastola, wakabana triga. Kimya. Saketi ya triga ya umeme nayo imegoma. Ikabidi mpini ufunguliwe upya na saketi ibadilishwe. Aliporudi mstarini alikuwa na risasi 44 mbele yake na dakika zisizofika 40.

Sheria mnaijua: risasi 60 kwa dakika 75, na silaha yako ikikuharibikia huongezewi hata dakika moja. Unaruhusiwa kuitengeneza au kuchukua nyingine iliyokaguliwa, lakini saa inaendelea kukatika. Kwa mgawanyo wa kawaida kila risasi ina sekunde 75. Bhaker alibakiwa na chini ya sekunde 55, na humo humo bado ahakikishe kwamba bastola iliyotoka kufunguliwa inapiga pale pale ilipokuwa ikipiga. Asiyewahi kusimama kwenye mstari ataona sekunde 55 ni nyingi. Hazitoshi, na sababu ni moja: mlenga shabaha mzuri hujulikana kwa risasi anazokataa kuzipiga. Anainua mkono, anashuka hadi chini ya duara jeusi, anaanza kubana, anaona kilengeo cha mbele kimeegemea upande mmoja wa nafasi ya kilengeo cha nyuma kwa unywele tu, basi anashusha mkono, anapumua, anaanza upya. Duara la kumi lina kipenyo cha milimita 11.5. Kwa umbali wa mita 10, unywele ule kwenye kilengeo ndio tofauti kati ya 10 na 9, na siku mbaya ndio tofauti kati ya 10 na 8. Anayefukuzwa na saa hana tena haki ya kushusha mkono, anapiga hata ile risasi ambayo moyo umeikataa.

Sasa zisomeni seti zake za risasi kumi kumi: 98, 95, 94, 95, 98, 95. Ile 94 ni seti ya kwanza nzima baada ya kurudi. Ile 98 ya tano, kwa haraka ile na kwa kichwa kilichotoka kushuhudia bastola ikifunguliwa mezani, ni kazi ya mtu hodari kweli.

Narudi kwenye uamuzi. Kuchukua bastola ya akiba kuna gharama inayojulikana. Dakika chache za kuitoa, risasi kadhaa za majaribio, mizunguko miwili mitatu ya skurubu ya kilengeo cha nyuma, halafu kazi inaendelea. Weka dakika saba, weka nane ukitaka. Mchezaji mwenye risasi 44 bado anabaki na zaidi ya sekunde 60 kwa kila moja, na sekunde 60 zinapigika. Kutengeneza hakuna gharama inayojulikana. Fundi anayefungua bastola katikati ya mashindano hajui atakuta nini ndani, na kama mlivyoona, alikuta zaidi ya alichotafuta. Unapokuwa na njia mbili, moja ina bei na nyingine haina, na saa haikusubiri, hakuna cha kujadili.

Uamuzi wa kwanza naweza kuuelewa. Mkono wa kukokia ni kipande cha chuma, kinatoka, kinaingia kingine, mtu anaweza kuamini kwamba ni kazi ya dakika mbili. Ila pale triga ilipokaa kimya baada ya ukarabati wa kwanza, pale ndipo hapasameheki. Sasa una bastola yenye hitilafu mbili, hujui kama ya pili imesababishwa na ya kwanza au na mikono yenu wenyewe, na dakika zimeshakwenda. Benchi la ufundi lilipata nafasi ya pili ya kufanya lililo sahihi, likaiacha ipite.

Hoja ya kuwatetea naijua, nimeisikia mara nyingi: bastola ya akiba haiwi sawa na ile ya kwanza, mkono hauizoei, mizani yake ni nyingine, na kuilenga upya kungekula muda ule ule. Hoja hii inawashtaki wanaoitoa. Kama bastola ya akiba haiko sawa na ya kwanza, basi haikuwa ya akiba, ilikuwa mzigo wa ziada kwenye ndege. Na kosa la Tokyo halikuanza Tokyo, lilianza miezi mingi nyuma, siku fedha na muda wa maandalizi vilipogawanywa na mtu akaamua kwamba silaha ya pili inaweza kungoja.

Vijana wanaoniandikia kuhusu vifaa huanza na miwani. Kisha wanauliza vizito vya kuning'iniza mbele, kisha viatu, kisha rangi. Bado sijapokea swali la kwanza kuhusu bastola ya pili. Nami nitaendelea kusema nilichosema tangu mwanzo wa safu hii: ukishakuwa na bastola unayoiamini, kifaa cha kwanza cha kununua ni ndugu yake. Iwe ya aina ile ile, ya toleo lile lile. Mpini wake uchongwe na mkono ule ule uliochonga wa kwanza. Mnajua mpini mzuri unavyotengenezwa: mbao inapigwa tupa pale kidole cha kati kinapobana, inajazwa putti pale kiganja kinapoacha nafasi, rafu ya chini inapandishwa mpaka iguse ubavu wa kiganja bila kuusukuma. Kazi hiyo inachukua majuma, wakati mwingine miezi, na mtu akishaimaliza kwa bastola moja anachoka, ya pili anaiacha na mpini wa kiwandani. Siku anapoihitaji, kiganja kinaingia kwenye mbao kisiyoijua, kifundo kinageuka kidogo kutafuta starehe, na kilengeo cha mbele kinahama. Halafu tunaambiwa bastola ya akiba haifai.

Triga vivyo hivyo. Kanuni inadai angalau gramu 500. Kila mtu hupima ya kwanza kwa uzito wa kukagulia, anarekebisha hatua ya kwanza na ya pili mpaka imkae kwenye ncha ya kidole, na anaipima ya akiba kwa lengo moja tu, ipite ukaguzi. Inapita. Ila hatua ya kwanza ni fupi zaidi, au ukuta wa hatua ya pili ni laini zaidi, na kidole kilichozoea kungoja kinakuta risasi imeshatoka. Tofauti ya gramu 50 haionekani kwenye meza ya wakaguzi. Kwenye shabaha inaonekana.

Na kwa kuwa tumefika kwenye triga, nirudie ugomvi wangu wa zamani na triga za umeme. Najua uzuri wake. Inakatika safi, haina mkwaruzo wa chuma kwa chuma, na unaweza kufanya mazoezi ya kubana bila risasi siku nzima. Mabingwa wakubwa wameitumia, na kampuni ya bastola ya Morini yenyewe ilimtengenezea Jin Jong-oh wa Korea Kusini bastola nyekundu ya kipekee kabla ya Rio 2016. Sina la kusema juu ya shabaha zake. Ninalosema ni kwamba umeweka swichi, betri, saketi na solenoidi mahali palipokuwa na ndoano na springi, na kila kimojawapo kinaweza kufa bila kukuonya. Triga ya chuma ikichoka hukupa dalili: inaanza kuburuta, inabadilika uzito, unaihisi wiki mbili kabla. Saketi haina dalili. Iko hai, kisha haiko. Mwenye triga ya umeme asiye na bastola ya pili iliyo tayari kabisa amenunua nusu ya kifaa.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Károly Takács, na sitaacha kumkumbuka. Mwaka 1938, akiwa sajini wa jeshi la Hungaria, guruneti lilimharibu mkono wa kulia, mkono wake wa kupigia. Akajifundisha wa kushoto. Mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa taifa lake, na London 1948 akachukua dhahabu ya bastola ya mfululizo wa haraka kwa 580, rekodi ya dunia, kisha akairudia dhahabu hiyo Helsinki 1952. Yule bwana hakuwa na mkono wa akiba unaopungukiwa kidogo na wa kwanza. Aliutengeneza mpaka ukawa wa kwanza. Leo mchezaji ana shirikisho, ana fundi, ana kocha wa saikolojia, na bastola yake ya pili haijawahi kupigiwa seti kamili ya mashindano.

Wale wa zamani walijua kipi kinaongeza pointi. Aleksandr Melentiev alipiga 581 kwenye mita 50 pale Moscow 1980, na rekodi hiyo ilikaa hadi 2014, Jin alipopiga 583. Miaka 34 ya mapinduzi ya mipini, miwani na triga ilizaa pointi mbili. Na mchezo wenyewe wa mita 50, shule kuu ya bastola, umeondolewa kwenye Olimpiki baada ya Rio ili kupisha timu za mchanganyiko. Nililalamika wakati ule, nalalamika sasa.

Paris 2024 ilileta somo, na wengi wamelisoma kichwa chini. Picha ya Yusuf Dikeç wa Uturuki imezunguka dunia nzima: miaka 51, fulana, miwani ya kawaida, macho yote mawili wazi, mkono mmoja mfukoni, na fedha ya timu ya mchanganyiko pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Watu wakahitimisha kwamba vifaa ni upuuzi. Tazameni tena mkono wake wa kulia, acheni uso. Ile ni bastola kamili ya mashindano, mpini umemkumbatia kiganja. Alichoacha nyumbani ni vitu vya usoni tu, kwa sababu tangu Beijing 2008 amekwenda Olimpiki baada ya Olimpiki na anajua macho yake yanataka nini. Kim Ye-ji wa Korea Kusini naye alivaa lenzi na kizibo cha jicho, akachukua fedha yake ya mita 10 kwa 241.3. Wawili, nyuso mbili tofauti kabisa, medali ya rangi moja. Kizibo ni suala la mapendeleo. Mpini na triga si suala la mapendeleo, na hapo hakuna kati yao aliyecheza na bahati.

Bhaker mwenyewe alirudi Paris, akiwa amepatana tena na kocha wake wa zamani Jaspal Rana, na akaondoka na shaba mbili, moja ya mita 10 kwa 221.7 na nyingine ya mchanganyiko na Sarabjot Singh. Kazi safi. Wanaosema shaba hizo zimefuta Tokyo wanakosea, maana uwezo huo huo alikuwa nao Asaka. Seti ya kwanza ya 98 na ya tano ya 98 zinatosha kuonyesha hivyo.

Ninachotaka kwenye majaribio ya kuteua timu, popote pale, ni hiki: katikati ya mchujo, bila kutangazwa mapema, mwamuzi amguse kila mchezaji begani na kumwamuru amalize seti mbili kwa bastola ya akiba, saa ikiendelea kukatika. Pointi zihesabiwe kama zilivyo. Atakayeshuka kwa pointi tano au sita, kocha wake aitwe mezani na sanduku la vifaa, na aeleze mbele ya wateuzi fedha zilikwenda kwenye nini.