Tahadhari si Onyo: Uhakiki wa Istilahi za Kufuatilia Tonado

Istilahi nyingi hupimwa mezani kwa utulivu, ambapo mfasiri anao wasaa wa kufungua kamusi mbili tatu na kuwauliza wenzake. Zipo nyingine, hata hivyo, ambazo hupimwa kwa dakika. Miongoni mwa hizo ni zile zitumikazo kutangaza habari za tonado wakati ambapo tonado zenyewe zingali zinatokea. Makala hii inakusudia kuyahakiki maneno ya Kiswahili yaliyozoeleka katika uwanja huo, na kueleza yapi yafaa kubaki na yapi yafaa kuachwa.

Tuchukue mfano wa usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba, 2021 nchini Marekani. Jioni ya tarehe 10, Kituo cha Utabiri wa Dhoruba kilichoko Norman, jimbo la Oklahoma, kilikwisha kutangaza kwamba hali ya anga katika eneo pana la bonde la Mississippi ingeweza kuzaa tonado. Baadaye wingu moja la radi, lililokuwa likizunguka lenyewe, lilianza safari kutoka Arkansas, likapita Missouri na Tennessee, likaingia Kentucky. Ofisi za hali ya hewa za sehemu hizo zilipokezana kulifuatilia kwa rada na kutoa matangazo wilaya baada ya wilaya. Kabla ya saa nne usiku tonado iliubomoa mji wa Mayfield. Tonado hiyo moja ilikwenda takriban kilomita 266 bila kuinuka, ikaua watu 57. Baada ya saa saba usiku tonado nyingine ikaupiga mji wa Bowling Green.

Msomaji aweza kuuliza: hayo yatuhusu nini sisi tusemao Kiswahili? Yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, habari hizo huletwa kwetu na vyombo vyetu kwa Kiswahili. Pili, Bowling Green ni mji ambao kwa miaka mingi umepokea wakimbizi, wakiwamo Wakongo ambao Kiswahili ni lugha yao ya kila siku. Kwa hiyo tafsiri ya tangazo la tonado si zoezi la darasani. Yuko mtu ambaye huenda akailisoma usiku wa manane, watoto wakiwa wamelala.

Neno la kwanza la kuhakikiwa ni kimbunga. Vyombo vyetu vingi huliita kwa jina hilo kila pepo lenye nguvu lizungukalo. Lakini neno hilo limekwisha kupata kazi maalumu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilipotangaza habari za Hidaya mwezi Mei, 2024, ilisema kimbunga. Na Idai, iliyoipiga Beira mwezi Machi, 2019, iliitwa kimbunga pia. Huyo ni mzaliwa wa bahari yenye joto: upana wake ni mamia ya kilomita, umri wake ni siku kadhaa, naye hupewa jina. Tonado huzaliwa na wingu la radi, aghalabu juu ya nchi kavu. Upana wake kwa kawaida ni makumi au mamia ya mita, umri wake mara nyingi ni dakika chache, wala haipewi jina. Anayengoja kimbunga anaweza kuhama mji kwa basi siku moja kabla. Anayengoja tonado hana siku moja. Kuviita vitu viwili hivi kwa jina moja ni kumfundisha msomaji jibu la swali jingine.

Wako wanaopendekeza chamchela au kisulisuli. Maneno haya ni mazuri na ni yetu. Ila mtu wa pwani akisikia chamchela huona vumbi na majani makavu yakizunguka uwanjani, na watoto wakiyakimbilia. Neno linalomfanya mtoto akimbilie jambo halifai kumwambia alikimbie. Zaidi ya hayo, wasemaji wengi wa bara hawalijui. Maoni yetu ni kwamba tonado ipokelewe kama ilivyo, kwa matamshi yetu, kwa kuwa ndilo neno ambalo Mkongo wa Kentucky atalisikia likipigiwa kelele na jirani, redio na simu yake. Chamchela ibaki na vumbi lake.

Neno la pili ni mlipuko. Tonado nyingi zinapozaliwa na mfumo mmoja wa hali ya hewa katika muda mfupi, wafasiri husema mlipuko wa tonado, kwa kuiga mlipuko wa maradhi. Katika maradhi neno hilo limezoeleka, lakini katika habari za upepo na majengo yaliyobomoka, msomaji atadhani kuna kitu kilicholipuka. Mfululizo nao hautoshi, kwani huonyesha kitu kimoja nyuma ya kingine, ilhali tonado zaweza kuwa ardhini mbili au tatu kwa wakati mmoja katika majimbo mbalimbali. Twapendekeza mkurupuko wa tonado: zinakurupuka huku na huku, kama wanyama walioshtuliwa kichakani.

Tatu ni kitenzi kutua. Ndege hutua, na mchukuzi hutua mzigo. Kote humo mna upole na nia ya kupumzika. Kusema tonado imetua Mayfield ni kuivika adabu isiyo yake. Yatosha kusema imegusa ardhi.

Sasa tuje kwenye jambo lenye uzito kuliko yote. Wamarekani wana madaraja mawili ya tangazo. La kwanza, ambalo jina lake la Kiingereza lina maana ya kukesha na kulinda, hutolewa kwa eneo kubwa na kwa saa kadhaa: hali inaruhusu tonado, lakini huenda isitokee. La pili hutolewa kwa eneo dogo na kwa muda mfupi, aghalabu chini ya saa moja: tonado imeonwa na mtu, au rada imeonyesha dalili zake. Katika Kiswahili yote mawili huitwa tahadhari. Mtu aliyeambiwa tahadhari saa kumi na mbili jioni, akaangalia nje asione kitu, ataambiwa tena tahadhari saa nne usiku, naye atageukia upande wa pili alale.

Je, tuazime ngazi ya Mamlaka yetu, yaani angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa? Hasha. Ngazi hiyo hupima ukubwa wa athari inayotazamiwa, na kwa kazi hiyo inafaa sana. Ngazi ya Wamarekani hupima ukaribu na uhakika. Daraja lao la kwanza laweza kutangulia maafa makubwa kabisa, na kuliita angalizo ni kulipunguza.

Pendekezo letu ni hili: daraja la kwanza liitwe tahadhari, la pili liitwe onyo. Sababu imo ndani ya maneno yenyewe. Kutahadhari ni kujiweka tayari kwa kisichoonekana bado. Kuonya kumetokana na kuona: ni kumfanya mwenzako aone ulichokwisha kukiona. Wako watakaosema kwamba onyo linanuka ofisi na barua za nidhamu. Ni kweli, lakini likifuatwa na kitenzi cha amri, harufu hiyo itatoweka: onyo la tonado, ingieni chumba cha ndani sasa. Na tangazo lile la nadra, lililotumiwa mara ya kwanza tarehe 3 Mei, 1999 karibu na Oklahoma City, liitwe onyo la dharura, wala si hali ya hatari, ambayo kwetu ni habari ya serikali na amri za kutotoka nje.

Yafaa kukumbuka kwamba Wamarekani wenyewe walikaa miongo mingi, tangu miaka ya 1880, wakiwazuia watabiri wao kulitamka neno tonado, kwa hofu ya kuwatia watu kiwewe. Ni mwaka 1950 tu ambapo mkuu wa idara yao alipotoa waraka wa kuwaruhusu. Wao walikuwa na neno, wakalificha. Sisi hatufichi neno. Tunayo mawili, tahadhari na onyo, nasi tunayatumia kana kwamba ni moja. Wafasiri, walimu na maofisa habari wanaombwa kuyatumia mapendekezo haya, kuyapima na kuyakosoa.