Polepole, kwa Ufunguo Uleule

Tulipokuwa tukijifunza gita la solo kwa kaseti, hila yetu ilikuwa kidole. Unagusa kidogo gurudumu la kaseti, mwendo unapungua, unanasa noti. Tatizo ni kwamba sauti nayo ilizama. Kanda ikienda nusu ya mwendo wake, muziki wote unashuka okteva nzima. Mwimbaji anakuwa na sauti ya jitu, nawe unalegeza nyuzi ili umfuate. Santuri ya 45 ukiipiga kwa mwendo wa 33 ni yaleyale, inashuka nusutoni tano na kidogo. Wala haikuwa kasoro ya mashine: sauti ni mitikisiko, na ukiikokota, mitikisiko kwa kila sekunde inapungua.

Siku hizi ninachagua asilimia 50 kwenye programu, wimbo unajikokota na ufunguo haubanduki. Vijana wanaona kawaida. Mimi bado nawavulia kofia waliowezesha jambo hilo.

Kazi yenyewe ni ya ushonaji. Programu hukata sauti vipande vya milisekunde 50 hivi, huviachanisha, na pengo hulijaza kwa kurudia sehemu ya kipande. Ugumu uko kwenye mshono. Waya wa tano wa gita hutikisika mara 110 kwa sekunde, yaani kila wimbi huchukua milisekunde 9 hivi. Ukikutanisha kilele cha wimbi moja na bonde la jingine, yanauana, na wimbo unatetemeka kama redio yenye betri zilizochoka. Mwaka 1993 Verhelst na Roelands, wa Brussels, walieleza mbinu inayofanya afanyavyo fundi cherehani mwenye kitambaa cha maua: kabla ya kushona, kipande kinasogezwa milisekunde chache mbele au nyuma mpaka maua yaangukiane.

Kwa mwimbaji mmoja inatosha. Wakipiga watu kumi, ua la besi likikaa sawa, la tarumbeta linakwenda upande. Hapo ndipo njia ya Flanagan na Golden wa maabara za Bell, Marekani, ya mwaka 1966, inapofaa, japo wao walikuwa wakishughulika na usemi: sauti inachambuliwa matabaka mengi, ya chini hadi ya juu, kila moja linarefushwa peke yake, kisha yanaunganishwa tena. Nyuzi hutoka laini. Ngoma ndiyo huumia: pigo la snea, ambalo ni "ta!" kavu, linatawanyika likawa "fwaa".

Kwa hiyo programu nzuri hulivizia pigo, hulipitisha lilivyo bila kulivuta, halafu hurefusha mlio unaofuata tu. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote.

Juzi nilirudia kipande cha rumba ya Kikongo kilichonishinda miaka mingi. Kwa nusu mwendo, snea ikiwa bado kavu, kidole kikisikika kikikwaruza waya, nikagundua kwamba zile noti mbili nilizokuwa nikijivunja vidole kuzifikia si za solo kabisa. Ni za mpiga gita jingine, la mi-solo, aliyekuwa akichomekea katikati.