Kamera kwenye bomba la majitaka: ukaguzi kabla ya kununua gesti Ngara na Biharamulo

Ngara Mjini na Biharamulo hazina mtandao wa umma wa majitaka. Mwanza, mnunuzi wa hoteli anaweza kukuta bomba la jengo limeungwa kwenye mstari wa mamlaka ya maji, na kilicho nje ya uzio kikawa mzigo wa mamlaka. Huku, kuanzia sinki la chumba cha mwisho hadi shimo linalofyonza maji nyuma ya jiko, vyote ni vya mwenye eneo. Akishasaini mkataba wa mauziano, mnunuzi amevirithi, vizima na vibovu.

Ndiyo maana ukaguzi wa kamera, ambao wengi wanaudhani ni wa majiji, una uzito zaidi katika wilaya hizi mbili. Biashara ipo. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam hupita Nyakanazi na Lusahunga kabla ya kugawana, mengine Rusumo kuingia Rwanda, mengine Kabanga kuingia Burundi. Kituo cha pamoja cha forodha Rusumo kilizinduliwa 2016, na Januari 2021 serikali ilisaini makubaliano ya mradi wa nikeli wa Kabanga. Mwenye fedha anayetafuta gesti, baa au kituo cha mafuta kando ya barabara hii hahitaji kushawishiwa sana.

Mnunuzi makini hufanya upekuzi wa hati kwa msajili, hukagua mipaka ya kiwanja na kuulizia madeni ya kodi ya ardhi. Karatasi hizo hazisemi bomba la choo limepita wapi. Michoro iliyopelekwa halmashauri kuombea kibali cha ujenzi inaweza kusaidia, lakini gesti iliyoanza na vyumba sita ikaongezwa hadi ishirini huwa imeiacha michoro yake mbali.

Kazi yenyewe huanza bila kamera. Fundi hutafuta chemba zote na kuzifungua. Chemba iliyofunikwa kwa vigae au kumwagiwa zege juu ni ishara ya kwanza mbaya: ama hakuna aliyewahi kuzibua, ama kuna aliyetaka isifunguliwe. Kisha maji hufunguliwa katika vyoo na mabafu kadhaa kwa pamoja, na mtu husimama kwenye kila chemba kutazama yanafika kwa kasi gani, na kama yanafika kabisa. Matone machache ya rangi kwenye choo huonyesha kinamwaga wapi. Katika majengo yaliyoongezwa vyumba, si ajabu kugundua kwamba mabafu ya upande mmoja hayaendi kwenye tangi la majitaka, yanamwaga mtaroni.

Hapo ndipo kamera inaingia. Ni kichwa kidogo chenye taa, kimefungwa mwishoni mwa waya mgumu unaosukumwa kwa mkono kupitia chemba. Skrini huonyesha picha pamoja na umbali uliofikiwa kwa mita. Vifaa vizuri vina kitoa mawimbi kwenye kichwa. Fundi mwingine hutembea juu ya ardhi na kipokezi akiweka alama mahali kichwa kilipo. Alama hizo zina thamani sawa na picha, kwa sababu zinaonyesha bomba limepita chini ya sakafu ya ukumbi, chini ya maegesho ya malori au, lililo baya zaidi, ndani ya kiwanja cha jirani.

Video bila mita na bila jina la chemba haina msaada. WRc, kituo cha utafiti wa maji cha Uingereza, ilipochapisha mwongozo wake mwaka 1980, shabaha ilikuwa wakaguzi wote waite kasoro ileile kwa jina lilelile. Utaratibu wa Uingereza hulipa pia bomba daraja, 1 kwa bomba zima hadi 5 kwa lililoporomoka au linalokaribia kuporomoka. Mnunuzi wa Biharamulo anaweza kudai taarifa ya namna hiyo hata kwa Kiswahili cha kawaida: chemba ya pili hadi ya tatu, mita 7, bomba limebonyea.

Kubonyea huko ndiko ninakokutilia mkazo kuliko kasoro nyingine. Bomba la inchi nne huhitaji mteremko wa takribani mita 1 kwa kila mita 40. Ndani ya mita 20, liwe limeshuka sentimita 50. Udongo wa chini usiposhindiliwa, bomba hukaa kama machela, maji yakatuama katikati. Kwenye skrini utaona kamera inazama, inaibuka, inazama tena. Mafuta ya jikoni huganda hapo, na bomba linazibuliwa kila baada ya miezi michache bila anayejiuliza kwa nini. Kwenye maegesho, bomba jembamba la plastiki lililofukiwa juujuu hugeuka umbo la yai chini ya magurudumu ya malori. Kwenye miteremko ya Ngara, mvua za masika huondoa udongo na kuliacha bomba bila egemeo, viungo vikaachana. Mizizi ya miti huingia kwenye viungo hivyohivyo.

Kamera ina mipaka yake. Haioni chini ya maji, wala haisemi tangi lina ufa. Kwa hiyo ukaguzi usiishie kwenye bomba la mwisho. Tangi linyonywe na gari la majitaka, kuta zitazamwe kwa taa kutoka juu, na mtu yeyote asishuke: gesi ya mle huua kwa dakika chache. Baada ya hapo ufanywe ukadiriaji. Familia ya watu sita wanaotumia lita 100 kila mmoja hutoa lita 600 kwa siku. Vyumba ishirini vyenye wageni wawili wawili, kwa kipimo hichohicho, hutoa lita 4,000. Kama tangi ni lile la nyumba ya kuishi iliyogeuzwa gesti, tope litasukumwa hadi kwenye shimo la kufyonza na kuliziba, hata kama mabomba yote yamepata daraja la 1.

Eneo la Benaco, wilayani Ngara, lina swali lake la ziada. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa ishirini na nne, na kambi ikasimama hapo. Kambi ya ukubwa ule ilihitaji vyoo vya mashimo na mashimo ya taka kwa wingi. Ardhi iliyochimbwa na kufukiwa hutitia taratibu, na bomba lililolala juu yake hutitia nalo. Wazee wa kijiji waulizwe kiwanja kilikuwa nini wakati ule, na jibu lao liandikwe pamoja na taarifa ya kamera.

Kamera isipopatikana wilayani, iuliziwe Mwanza. Safari ya fundi ni gharama ndogo mbele ya kubomoa sakafu ya gesti ambayo tayari ina wageni. Muda mzuri wa kumwita ni baada ya bei kukubaliwa na kabla ya arbuni kutolewa. Mkataba useme wazi kwamba mauziano yatategemea matokeo, na kwamba kasoro za daraja la 4 na 5 ama muuzaji azirekebishe, ama gharama yake ikatwe kwenye bei. Muuzaji akikataa chemba zifunguliwe, mnunuzi asitoe fedha.