Orodha ya Kazi Inayojiandika

Programu nyingi za kupanga kazi hukwama mahali pamoja: mtu aliyekwishaelemewa hutakiwa aongeze kazi nyingine, ya kuandika orodha. Zanzibar uko mfumo ulioikwepa kasoro hiyo. Jamii ni Afya, ulioanzishwa na Wizara ya Afya ya Zanzibar pamoja na shirika la D-tree, ulikuwa umefika wilaya zote 11 za Unguja na Pemba kufikia mwaka 2021, ukitumiwa na wahudumu wa afya wa kujitolea zaidi ya 2,000 wanaopita nyumba kwa nyumba katika shehia zao.

Umejengwa juu ya Community Health Toolkit, programu huria ya shirika la Medic. Humo mhudumu hajipangii ziara. Hujaza fomu ya alichokikuta, na kanuni zilizomo ndani ya simu ndizo zinazozaa kazi. Kila kanuni hutaja mambo matatu: kazi inamhusu nani, ionekane siku zipi, na fomu ipi ikijazwa ifutike. Tuchukue mzazi aliyejifungua leo. Shirika la Afya Duniani linashauri aangaliwe ndani ya saa 24, kisha baina ya saa 48 na 72, baina ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Ratiba ya namna hiyo ikifanywa kanuni, tarehe moja ya kujifungua huzaa ziara zote, kila moja ikijitokeza siku yake inapokaribia.

Hesabu hiyo hufanywa na simu yenyewe. Data hukaa humo katika hifadhidata ya PouchDB, na mtandao ukipatikana huoanishwa na CouchDB iliyo kwenye seva. Aliye Makunduchi au Tumbatu hahitaji bando ili ajue aanze nyumba ipi.

Udhaifu uko mlangoni. Mimba isiyosajiliwa haizai kazi, na orodha tupu huweza kumfanya msimamizi adhani shehia imetulia. Tena fomu hujazika hata mtu akiwa amekaa barazani, mguu haujafika kwa mzazi. Kwa hiyo bado anahitajika msimamizi wa kupita na kuulizia.

Mwenye duka Darajani anaweza kuiga mbinu hii kwa daftari tu: kila shughuli inayojirudia aipe tukio la kuianzisha, siku ya mwisho na ushahidi wa kuifunga. Yatakayobaki ya kukumbuka kwa kichwa ni yale yasiyo na kanuni, nayo kwa kawaida ni machache.