Trekta Lililopita Kabla Yangu

Mwezi wa tano mwaka jana, mtoto wa mama mdogo alipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Oulu, mji wa pwani ya kaskazini mwa Ufini ambako nami nasoma. Siku mbili baadaye akaniandikia: “Dada, nimepitia picha zako zote za baiskeli. Hongera, ila mimi sina moyo huo. Nimeamua nitafute chumba jirani kabisa na chuo, hata kama kodi ni kubwa.”

Nikarudi kuzitazama zile picha, safari hii kwa macho yake.

Ya kwanza ni ya Januari. Kope zangu zimeshika sakitu, skafu imeganda mbele ya mdomo, na kando yake nimebandika kipimo cha joto: nyuzi 22 chini ya sifuri. Nimeandika, “Mtoto wa Morogoro hashindwi na kitu.” Ya pili, baiskeli imezama kwenye theluji hadi nusu ya gurudumu. Ya tatu ni giza tupu na taa moja ya mbele. Zipo kumi na moja. Katika zote kumi na moja, njia yenyewe haionekani.

Kwa mtu anayesoma fasihi hilo si jambo dogo. Msimuliaji akikuficha kitu kilekile mara kumi na moja, una haki ya kumuuliza anakificha kwa nini.

Aina hii ya usimulizi sikuianzisha mimi. Mwaka 2014 mwandishi wa habari wa Calgary, Kanada, Tom Babin, alitoa kitabu kizima kuhusu kuendesha baiskeli wakati wa baridi, Frostbike. Jina dogo la kitabu linaahidi raha, maumivu na ganzi, na mambo yote matatu hayo hutokea ndani ya mwili wa mtu mmoja. Babin si mwandishi wa majigambo. Ni mcheshi, anajicheka, na anajua vizuri kwamba miji ndiyo inayowarahisishia watu au kuwazuia. Lakini kilichonivuta nikisoma hakikuwa sera za miji. Kilichonivuta ni yule mtu peke yake asubuhi, akibishana na nafsi yake kama atoke au abaki. Nilifunga kitabu nikitaka kuwa yeye. Miezi michache baadaye nikaanza kupiga picha.

Kosa la usimulizi wa kishujaa kuhusu baridi ni kwamba hausemi kweli hata kuhusu baridi yenyewe. Unapenda sana kipimajoto, kwa sababu namba ikishuka, shujaa anapanda. Anayeendesha kila siku anajua mambo hayaendi hivyo. Nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri, theluji iliyoshindiliwa huwa kavu na ngumu. Tairi linaishika, nayo inalia kwa chini kama viatu vipya. Unahitaji glavu nzuri tu. Siku ya kuogopa ni ile ya karibu na sifuri, mchana theluji inayeyuka, usiku maji yanaganda, asubuhi barafu imefunikwa na utando mwembamba wa maji. Hapo hata tairi zenye njumu za chuma zinataka adabu.

Lugha yetu imenisaidia kulielewa hili baada ya kunichanganya kwanza. Neno barafu asili yake ni Kiajemi, na kule maana yake ni theluji. Theluji yenyewe tumeitoa Kiarabu, ambako neno moja hutaja vyote viwili, theluji na barafu. Sisi wa pwani ya joto tuliyapokea maneno mawili ya kitu ambacho wengi wetu hatukuwa tumekikanyaga, tukayagawia kazi: theluji ikabaki kileleni Kilimanjaro, barafu ikaingia kwenye glasi. Mgawanyo huo mwendesha baiskeli wa Oulu anauhitaji kila asubuhi. Theluji inakubeba, barafu inakuangusha. Ukiziita zote “baridi kali” umeandika maneno mazuri chini ya picha, ila hujamsaidia mtu.

Kwa hiyo ile picha ya nyuzi 22 ilipigwa katika mojawapo ya siku rahisi kuliko zote. Siku niliyoanguka ilikuwa mwishoni mwa Machi, jua linawaka, saa nne asubuhi, nakata kona nikiwa na mawazo ya tasnifu. Nilitua juu ya kiganja. Kwa wiki tatu sikuweza kukamua nguo. Siku hiyo haina picha. Nilikuwa sina sakitu kwenye kope, wala giza, wala namba ya kutisha. Nilikuwa mtu mzima aliyekaa chini kwenye maji ya barafu anatafuta simu yake.

Na ile ya baiskeli iliyozama? Niliichomeka pale mwenyewe. Lundo lile lilirundikwa na trekta lililosafisha njia alfajiri. Njia ilikuwa hatua mbili tu pembeni, imesawazishwa, imemwagiwa changarawe. Nilitoka njiani nikaitumbukiza baiskeli kwenye theluji, nikapiga picha, nikarudi njiani, nikafika darasani kwa wakati.

Kuna kazi nyingine inayorekebisha kosa hili. Mwaka 2021 Jason Slaughter, Mkanada anayeishi Uholanzi na mwenye chaneli ya YouTube iitwayo Not Just Bikes, alitoa video inayouliza kwa nini watu wa Kanada wanashindwa kuendesha baiskeli wakati wa baridi ilhali Wafini wanaweza. Jibu lake halihusu moyo wa mtu hata kidogo. Oulu ina mtandao wa njia za baiskeli zilizotengwa na magari, zenye vivuko vingi vinavyopita chini ya barabara, nazo husafishwa mapema na mara kwa mara. Theluji haikwanguliwi yote hadi kwenye lami. Inashindiliwa ikawa sakafu. Hapo trekta limepewa nafasi yake, na baada ya kuitazama, picha zangu zilinionea aibu.

Hata hivyo nina neno na video ile pia. Hoja inashinda, lakini watu wanakuwa wadogo. Mji unaonekana kama mashine iliyotiwa mafuta, na mashine haina usingizi wala mgongo unaouma. Mimi nalijua trekta la mtaani kwetu kwa taa yake. Theluji ikianguka usiku, kabla ya kupambazuka taa ya rangi ya chungwa inazunguka kwenye dari ya chumba changu, kisha nasikia bamba la chuma likikwaruza chini. Ndani yake kuna mtu. Ameamka saa ngapi, amekunywa nini, sijui. Sijawahi kuuona uso wake, na ndiye mhusika mkuu wa kila safari niliyowahi kujisifia.

Picha ninayoiona bora kuliko zote katika somo hili haina mtu kabisa. Ilisambaa mitandaoni mwaka 2018: uwanja wa shule ya Metsokangas, hapahapa Oulu, siku ya nyuzi 17 chini ya sifuri, mamia ya baiskeli yameegeshwa kwenye theluji. Ilielezwa kwamba kati ya wanafunzi kama 1,200 wa shule hiyo, takriban 1,000 huja kwa baiskeli. Wenyewe wako ndani, wanasoma hesabu. Huwezi kuitazama ukasema “mimi sina moyo huo,” kwa sababu ni watoto, na moyo haukuulizwa. Ilinikumbusha wauza maziwa wa nyumbani, wanaofika mlangoni na madumu yao mvua inyeshe isinyeshe, na hakuna anayewaandikia kitabu cha raha na maumivu. Tofauti ni kwamba Metsokangas kuna mtu amelipwa kutengeneza njia. Muuza maziwa wetu anakabidhiwa tope, kisha anasifiwa kwa uvumilivu.

Hapo ndipo sifa inapoanza kunitia shaka. Kumwita mtu shujaa ni bei nafuu kuliko kumsafishia njia. Na yule anayejiona si shujaa, kama mdogo wangu, anabaki kulipa tofauti hiyo kwa fedha zake, kila mwezi, kwenye kodi ya chumba.

Nilimjibu hivi. Chukua chumba cha mbali, kilomita tano si kitu. Nunua baiskeli iliyotumika, lakini tairi zenye njumu nunua mpya. Vaa nguo nyepesi kuliko unavyofikiri, utatoka jasho. Desemba jua linakaa kama saa tatu na nusu tu, kwa hiyo taa mbili, na chaji kila usiku. Baridi kali usiiogope. Ogopa Machi, ogopa kona, na ukiona njia inang'aa, shuka utembee, hakuna atakayekucheka. Theluji ikianguka usiku, usitoke kabla trekta halijapita.

Alinijibu usiku huohuo: “Sasa dada, mbona haya hukuyaandika chini ya picha?”