Zege Halianikwi: Uhakiki wa Istilahi za Kuweka Vigae vya Kauri Nje ya Nyumba

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa kuhakikiwa lugha, hakuna yanayopuuzwa kama maelekezo ya kazi za mikono. Mfasiri aliye tayari kubishana siku nzima juu ya neno moja la sheria huyamaliza maelekezo ya fundi kwa saa moja, kisha huenda zake. Makala haya yanahakiki kijitabu kimoja cha aina hiyo, chenye kurasa 4, kiambatanacho na mifuko ya gundi ya vigae, ambacho mwandishi alikikuta kikitumika katika baraza za nyumba kadhaa upande wa Talatala, wilayani Kyela. Jina la mwenye bidhaa halina haja hapa. Makosa tutakayoyataja yamo katika vijitabu vingi.

Mahali penyewe pana umuhimu. Ukanda wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na katika miezi ya masika mito ya Kiwira, Mbaka na Songwe hufurika hadi mashambani mwa mpunga. Baraza isiyoezekwa hunyeshewa kwa miezi mfululizo, kisha hupigwa na jua kali la bondeni. Neno lililotafsiriwa vibaya, ambalo Dodoma lingeweza kusitirika kwa miaka mingi, Kyela hufichuka katika msimu mmoja.

Tuanze na kosa lililo zito kupita yote. Kijitabu chaagiza: "Baada ya kumwaga zege, likaushe kwa siku 7 kabla ya hatua inayofuata." Sentensi hii ni sanifu kabisa kwa sarufi, na ni uharibifu mtupu kwa kazi. Zege haligandi kwa kukauka. Saruji huungana na maji, na muungano huo ndio unaozaa ugumu. Maji yakiondoka mapema, muungano hukatika, uso wa zege huwa wa vumbi na nyufa hutokea. Kwa hiyo katika siku hizo 7 za mwanzo yapasa zege linyweshwe maji au lifunikwe kwa magunia yaliyolowa ama karatasi ya nailoni. Kijitabu kimeagiza kinyume cha kinachotakiwa.

Chanzo cha kosa si vigumu kukiona. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa kumponya mgonjwa, kwa kuhifadhi samaki kwa chumvi au moshi, na kwa kulitunza zege changa. Mfasiri alifungua kamusi, akaepuka "ponya" kwa kuwa aliona haifai, akachukua maana ya pili. Laiti angefika Matema angewaona kina mama wakianika usipa juani, na mafundi hatua chache kutoka hapo wakimwagia maji zege lao asubuhi na jioni, naye angetambua kwamba vitendo hivyo viwili haviwezi kubeba kitenzi kimoja. Mafundi wetu wana neno lao, nalo ni "kumwagilia". Neno hilo latosha kwa mazungumzo, lakini halifai kuwa istilahi, maana hutaja njia moja tu, na zege lililofunikwa nailoni halikumwagiliwa. Pendekezo letu ni "kukomaza zege", na nomino yake "ukomazaji". Tunda hukomaa likiwa bado na maji yake. Zege nalo vivyo hivyo.

Huenda msomaji akauliza ubishi huu una faida gani, ikiwa mafundi wengi wamejifunza kwa macho na hawasomi vijitabu. Jibu ni kwamba kijitabu husomwa siku ya ugomvi. Vigae vinapopasuka mwezi wa Mei, mwenye nyumba hudai fedha zake, na fundi hutoa karatasi na kuonyesha kwamba alikausha kama alivyoagizwa. Nani atamhukumu? Maandishi yako upande wake. Afisa wa halmashauri anayenakili maneno hayo hayo katika mkataba wa baraza la shule huliingiza kosa katika hati ya Serikali, na hapo anayelipa ni mwananchi.

Makosa mengine ni mepesi zaidi, ingawa mengine yanachekesha. "Osha uso kwa maji safi, kisha uache kwa saa 24" ni agizo ambalo mtu yeyote angelitekeleza kwenye beseni. Kiswahili kina "uso wa sakafu", na pakiachwa neno la pili, la kwanza hurudi kwa mwanadamu. Vivyo hivyo "anguko la sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita". Sakafu haianguki, huinama kidogo ili maji yatiririke kuelekea uani. Mafundi husema "slopu", sisi tunasema "mwinamo", na hatuoni sababu ya kuacha neno letu lililo wazi namna hii. Agizo lenyewe ni la msingi mno, hata inasikitisha kulikuta limevikwa nguo ya kuchekesha: maji yakituama juu ya vigae Kyela hupenya maungioni na kulegeza kila kilicho chini.

Tugeukie sasa jina la kitu chenyewe. Sokoni vigae vyote vya sakafu huitwa "marumaru", ijapokuwa marumaru ni jiwe la kuchimbwa. Kijitabu kimefuata soko katika ukurasa wa kwanza, kikaandika "vigae vya udongo" katika wa pili, na "kauri" katika wa tatu, kana kwamba ni mamoja. Si mamoja. Kigae cha udongo wa kuchomwa hunywa maji, na baadhi ya vile vya ukutani hunywa zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Kigae cha kauri, kwa kipimo cha kimataifa, hakizidi nusu ya asilimia moja. Tofauti hii anaijua mnunuzi yeyote wa vyungu vya Wakisi katika soko la Lyulilo: mtungi hutoa jasho na kupoza maji, kikombe cha kauri hakitoi. Kwa kuwa kauri hainywi, rojo la saruji tupu halipati pa kushika, ndiyo maana hutakiwa gundi maalumu. Anayechanganya majina atachanganya pia mifuko.

"Kauri" tunaitetea kwa sababu nyingine pia. Watu wa Pwani waliliita kwa neno hilo simbi la baharini na vyombo vya Uchina, na Wataliano nao waliwahi kuupa ufinyanzi huo jina la simbi lile lile. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi yalipambwa kwa bakuli za Kichina zilizopachikwa katika chokaa, nje, juani na mvuani. Jambo na neno vyote viwili tunavyo tangu zamani.

"Kiungo cha upanuzi" hatukikubali. Kiungo huunganisha, na kinachotakiwa hapa ni nafasi ya kutenganisha, ipitayo katika vigae kila baada ya mita 3 hivi na kujazwa kitu kinachonyumbulika, ili vigae vitanuke kwa joto bila kusukumana. "Mwanya wa kutanuka" husema hayo yote kwa maneno ya kawaida. Kwa vigae vya nje visivyong'arishwa, "vigae vya mkwaruzo" vyatosha.

Kwa kufuata hoja hizi, sehemu ya matayarisho ingeweza kuandikwa hivi: "Ondoa udongo wa juu wenye mizizi. Jaza kifusi tabaka kwa tabaka na kukishindilia. Mwaga zege lenye mwinamo wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ukianzia ukutani. Likomaze kwa siku 7 bila kuliacha likauke, kisha lisubiri hadi litimize siku 28. Kwangua utando mweupe uliobaki juu yake. Palipo na saruji legelege, tindua kwa tindo. Fagia vumbi lote, osha uso wa zege, na uache maji yaondoke kabla ya kupaka gundi."

Limebaki neno la rojo linalojazwa kati ya kigae na kigae. Mafundi husema "grauti", wengine wamependekeza "kijazo". Tunaogopa la pili kwa kuwa limeshaanza kutumiwa kwa kifusi cha msingi, na la kwanza limeshakaa vinywani kutoka Itungi hadi Tukuyu. Walimu wa vyuo vya ufundi wanaombwa watuletee maoni yao kabla neno hili halijawekwa katika orodha.