Kitabu cha Claire Hughes Johnson na mashua yetu: tumtafute lini mkubwa wa kazi?

Juma lililopita nimemaliza Scaling People, kitabu cha Claire Hughes Johnson kilichotoka 2023. Wengi wetu wanakisifu, na mimi nakisifu. Lakini kuna swali moja ambalo kinatuacha nalo njiani: kampuni changa inayokua imtafute lini mtu wa kuongoza kazi za kila siku, ili mwenye wazo apate kupumua?

Mwandishi anajua anachosema. Mwaka 2014 alitoka Google akaingia Stripe, kampuni ya malipo ya intaneti iliyoanzishwa na ndugu wawili, Patrick na John Collison. Aliwakuta wafanyakazi chini ya 200, akaona wanakuwa maelfu. Kitabu chake ni kinene, kimejaa mifano ya karatasi za kazi: namna ya kupanga mwaka, kuajiri, kuendesha mkutano, kumwambia mtu kosa lake bila kumvunja. Nguvu yake iko hapo. Anataka mambo yaandikwe, hasa hili: nani anaamua nini.

Somo hilo mimi nimelilipia. Tulikuwa saba, wote tumemaliza masomo, tukaanza kununua mahindi na maharagi huku juu, tunateremsha mzigo Moba-Port, tunapakia mashua kwenda Kalemie. Kila kitu kilipita kwenye simu yangu: bei, magunia, pikipiki, mwenye mashua. Nilijiona wa maana kweli. Halafu malaria ikanilaza siku tatu. Magunia 40 yakabaki ufukweni, mvua ikanyesha, na mteja wa Kalemie akanunua kwa mwingine. Hakuna mwenzangu aliyekuwa mvivu. Kila mmoja alikuwa anangoja nipone ili aniulize.

Tukamchagua mmoja wetu awe mkubwa wa kazi. Cheo tulimpa, ila ufunguo wa sanduku ulibaki kwangu, na wabebaji wakinipigia simu, nilikuwa najibu. Baada ya miezi miwili akaondoka. Hata leo salamu yetu si ile ya zamani. Kosa ni langu. Ningekuwa nimesoma kitabu hiki mapema, labda ningempa kazi yote, na feza zake, na haki ya kusema hapana hata kwangu.

Sasa kasoro yake. Kitabu kinamzungumzia mtu ambaye tayari ana watu wengi, ana wawekezaji, na akitaka mfanyakazi anachagua kati ya mamia. Ukikisoma Kirungu, unaweza kudhani mkubwa wa kazi ni anasa ya kampuni kubwa: ngoja kwanza mfike 100. Mawazo hayo yanatuua tukiwa saba.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni M-Pesa, ambayo leo tunaitumia hata Kongo. Wazo lilikuwa la Nick Hughes wa Vodafone, kule Uingereza. Lakini Susie Lonie alitumwa Kenya mwaka 2005, kabla huduma haijazaliwa. Jaribio la kwanza lilikuwa na wateja mia kadhaa tu, na lilikusudiwa kurudisha mikopo ya shirika la Faulu. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu chini, kwa mawakala: huyu ameishiwa pesa taslimu, yule ameishiwa salio la simu, mteja hajaelewa namba ya siri. Na wateja wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, jambo ambalo jaribio halikupangiwa. Waliokuwa karibu na kazi wakaliona. Machi 2007 Safaricom ilipofungua huduma kwa wote, ilisimama juu ya hilo hilo: kumtumia mtu wa nyumbani pesa.

Stripe iliishi miaka minne kabla ya Johnson, kwa sababu bidhaa yao ilikuwa programu. M-Pesa isingeweza kungoja, kwa sababu kuzungusha pesa mkononi ndiyo ilikuwa bidhaa yenyewe. Basi idadi ya watu haitoshi kukupa jibu. Uliza mteja analipia nini. Kama analipia mzigo ufike mzima siku uliyoahidi, basi uendeshaji ndio biashara yako, na mtu wake unamhitaji mapema, hata mkiwa watano.

Kuna mtego wa upande wa pili, na huo Johnson hausemi kwa ukali ninaoutaka. Ukimleta mtu wakati wewe mwenyewe hujui kazi inaendaje, unamkabidhi vurugu yako na kumlaumu baadaye. Kwanza fanya safari kadhaa kwa mikono yako, andika hatua zake kwenye daftari. Ukiona maswali yale yale yanarudi kila safari, na majibu yako ni yale yale, wakati umefika. Na usimpe mtoto wa shangazi kwa sababu ni mtu wetu tu. Mpe anayeweza kukuonyesha hesabu jioni bila kuombwa.

Kisomeni kitabu. Kisha zimeni simu siku tatu, muone nini kinasimama.